Uzito wa Kisheria wa Nakala Zilizothibitishwa za Hati za Kifalme

Neno nakala limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na katika lugha hiyo shina lake lina maana ya kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali. Maana hiyo ya awali yafaa kukumbukwa na kila anayechunguza historia ya hati za wafalme, kwa sababu swali ambalo mahakama zimejiuliza kwa muda wa karne nyingi ni hilo hilo: maneno ya mfalme yanapohamishwa kutoka ngozi moja hadi nyingine, au kutoka ngozi hadi karatasi, je, nguvu yake nayo huhama? Mtu wa kawaida hudhani jibu ni rahisi. Asili ni asili, nakala ni nakala, na zikihitilafiana asili ndiyo ishikwayo. Sheria haikufuata njia hiyo. Katika Uingereza, ambako ndiko zilikotoka kanuni nyingi za ushahidi zinazotumika mpaka leo katika mahakama za Afrika ya Mashariki, nakala iliyotiwa muhuri wa mfalme iliweza kusimama mahali pa asili, na mara nyingine ikaishinda.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote ni Magna Carta. Wengi huitaja hati hiyo kwa mwaka wa 1215, mwaka ambao Mfalme John alikubali madai ya mabaroni wake katika uwanja wa Runnymede. Lakini hati ya 1215 haikudumu hata majira mawili, kwani Papa Innocent wa Tatu aliibatilisha tarehe 24 Agosti mwaka huo huo. Baada ya kifo cha John mwaka 1216, waliotawala kwa niaba ya mwanawe walitoa hati mpya iliyopunguzwa, wakaitoa tena mwaka 1217, na Henry wa Tatu mwenyewe akaitoa upya mwaka 1225. Hata hiyo ya 1225 siyo inayosomwa mahakamani. Tarehe 12 Oktoba 1297, wakati Edward wa Kwanza yuko ng'ambo katika vita vya Flanders, serikali yake ilitoa barua iliyosema kwamba mfalme ameikagua hati ya baba yake, ikainakili yote, kisha ikaithibitisha. Barua hiyo iliingizwa katika gombo la sheria. Vifungu vichache vya Magna Carta ambavyo bado ni sheria katika Uingereza ni sheria kwa maneno ya 1297. Kwa hiyo hati ambayo vizazi vingi vimeihesabu kuwa chimbuko la uhuru wa raia mbele ya dola, kwa jicho la sheria, ni nakala iliyothibitishwa.

Ili kuelewa jinsi jambo hili lilivyowezekana, ni lazima kutazama desturi za afisi ya Kansela, yaani afisi ya waandishi wa mfalme. Kuanzia mwaka 1199, mwaka wa kwanza wa utawala wa John, afisi hiyo iliweka kwa utaratibu kumbukumbu za hati zilizotoka. Aliyepewa ardhi, soko au msamaha wa kodi alikwenda zake na hati ya ngozi yenye muhuri wa nta uliofungwa kwa uzi au kwa ukanda wa ngozi. Afisi nayo ilibaki na maneno yale yale katika gombo, yaani vipande vya ngozi vilivyoshonwa kimoja kwa kingine na kuviringwa. Tangu mwanzo, basi, hati ya mfalme ilikuwa na miili miwili. Mmoja ulikuwa na muhuri lakini uliwekwa sandukuni mwa raia, ambamo panya, unyevu, moto na ndugu wenye tamaa waliufikia. Wa pili ulikuwa salama zaidi, lakini haukuwa na muhuri. Historia yote ya nakala zilizothibitishwa yaweza kuonekana kuwa ni juhudi ya kuiunganisha miili hiyo miwili.

Kulikuwa na haja nyingine pia, nayo haikuwa ya usalama bali ya mapato. Kila mfalme mpya alipotawazwa, wenye hati za zamani waliingiwa na hofu: je, mwana ataheshimu aliyoyatoa baba? Januari 1227, Henry wa Tatu alipotangaza kwamba sasa aweza kutoa hati za kudumu kwa jina lake, waliokuwa na hati za wafalme waliotangulia walitakiwa kuzileta zithibitishwe, na uthibitisho ulilipiwa. Ni katika utawala wake ndipo ilipoenea aina ya barua ambayo jina lake hutokana na neno lake la Kilatini, inspeximus, maana yake tumeikagua. Mpangilio wake haukubadilika sana. Mfalme husema kwamba ameikagua hati ya fulani yenye maneno haya. Kisha hufuata hati yote kuanzia salamu zake hadi mashahidi na tarehe. Mwishoni mfalme hueleza anataka nini kutokana na aliyoyaona. Mfalme aliyefuata aliweza kuikagua inspeximus ya aliyemtangulia, na yule wa baada yake vivyo hivyo. Zimo katika magombo hati zenye matabaka manne au matano, kila moja ikiwa imefunikwa na nyingine, na katikati kabisa yapo maneno ya mfalme aliyekufa miaka mia tatu nyuma.

Msomaji aliyezoea elimu ya Hadithi ataukumbuka hapa mnyororo wa wapokezi, yaani isnadi. Mfano huo una faida, lakini tofauti iliyopo ndiyo yenye mafunzo zaidi. Katika isnadi kila mpokezi hutajwa kwa jina, na wanazuoni wakamchunguza: aliishi lini, alikutana na nani, kumbukumbu yake ilikuwaje, je, alikuwa mwadilifu? Udhaifu wa mmoja wao huidhoofisha riwaya nzima. Katika inspeximus yule aliyesoma na kuandika kwa kweli, yaani karani aliyeinamia ngozi mbili na kulinganisha mstari kwa mstari, kwa kawaida hachunguzwi na mtu. Anayesema tumeikagua ni mfalme, ambaye aghalabu hakuiona hati hiyo kwa macho yake. Muhuri ulichukua mahali pa uchunguzi wa uadilifu wa mnakili. Hapana shaka kwamba mpango huo uliharakisha kazi. Hapana shaka vilevile kwamba uliacha mlango wazi.

Hapo ndipo inapotokea tofauti ambayo wanasheria wa Kiingereza waliijua vyema na ambayo wanahistoria mara nyingine huisahau. Mwisho wa barua ndio uliokuwa na uzito. Ikiwa mfalme alisema tu kwamba ameamuru maneno ya kumbukumbu fulani yaandikwe na kutiwa muhuri kwa ombi la mtu fulani, barua hiyo ilikuwa ushahidi, wala haikuwa zaidi ya ushahidi. Ilionyesha kwamba maneno hayo yamo katika gombo. Lakini ikiwa aliongeza kwamba anayakubali na kuyathibitisha, alikuwa amefanya tendo jipya la kifalme. Na ikiwa alisema kwamba anatoa na kuthibitisha, basi mtu aliyeibeba barua hiyo alikuwa na haki mpya iliyotoka kwa mfalme aliye hai, hata kama ile ya zamani ilikuwa na kasoro. Kuthibitisha kitu kilichokuwa batili, wanasheria walishikilia, hakukifanyi kuwa halali. Bali kutoa upya ni jambo jingine. Neno moja la kitenzi, basi, liliweza kumpa mtu shamba au kumnyima.

Hatari ya mpango huo inaonekana vizuri katika hati ya 1297 yenyewe. Kifungu cha pili cha Magna Carta kinahusu ada ambayo mrithi alimlipa mfalme ili aingie katika ardhi ya marehemu. Hati ya 1215 na ile ya 1225 zilipanga pauni 100 kwa mrithi wa baroni, sawa na mrithi wa mkuu wa jimbo aliye juu yake. Nakala ya 1297 inasema marki 100. Marki ilikuwa hesabu ya fedha iliyolingana na theluthi mbili za pauni, hivi kwamba marki 100 zilikuwa pauni 66, shilingi 13 na peni 4. Barua inayodai kuyarudia maneno ya Henry ilimpunguzia mfalme theluthi ya ada yake. Wanahistoria wamejadiliana kama hilo lilikuwa kosa la karani aliyetumia nakala mbovu au badiliko lililokusudiwa. Kwa sheria mjadala huo hauna uzito. Maneno ya 1297 yalikuwa na muhuri na yalikuwa katika gombo, na kiasi cha marki 100 ndicho kilichokuwa kipimo katika miaka iliyofuata. Hapakuwa na mahakama iliyomwambia baroni arudi kwenye ngozi ya 1225 ili alipe zaidi.

Kosa la mnakili laweza kusamehewa. Udanganyifu ni jambo zito zaidi. Watawa wa Crowland, katika nchi ya mabwawa ya mashariki ya Uingereza, walikuwa na magomvi ya muda mrefu na majirani zao juu ya malisho, uvuvi na mipaka. Mwaka 1393 walipata kutoka kwa Richard wa Pili inspeximus iliyonakili hati mbili za kale sana: moja ya Aethelbald, mfalme wa Mercia, yenye tarehe ya 716, na nyingine ya Eadred wa karne ya 10. Hati hizo zilitaja mipaka ya watawa kwa ukarimu uliowafaa mno watu waliokuwa mahakamani katika karne ya 14. Wataalamu waliozichunguza wamekubaliana kwamba ni za kughushi, zilizotungwa baada ya Wanormani kuiteka nchi. Makarani wa Richard hawakuwa na njia ya kulijua hilo, wala halikuwa jukumu lao. Wao walilinganisha herufi na herufi. Kwa hakika makarani wa wakati huo hawakukijua tena Kiingereza cha kale, na palipokuwa na maneno ya lugha hiyo ndani ya hati waliyanakili kwa kubahatisha maumbo yake, jambo linalowapa kazi wanaisimu mpaka leo.

Hati ya kughushi iliyopitia Kansela ilitoka imevaa muhuri wa kweli. Mtu aliyetaka kuipinga mahakamani hakuwa tena akipambana na ngozi ya zamani yenye mashaka, ambayo angeweza kuonyesha kasoro za wino au nta yake, bali na barua ya mfalme aliye hai. Sheria haikumwacha bila silaha, kwani kanuni ilikuwapo kwamba mfalme aliyedanganywa katika utoaji wake hafungwi na utoaji huo. Ila mzigo wa kuthibitisha udanganyifu ulikuwa wake, na mara nyingi asili iliyoghushiwa ilikwisha kupotea kwa wakati uliowafaa wenyewe.

Badiliko kubwa lilikuja katika karne ya 16, na sababu yake ilikuwa soko la ardhi. Henry wa Nane alipozifunga nyumba za watawa kuanzia mwaka 1536, mashamba yao yaliingia mikononi mwa mfalme, naye na warithi wake wakayatoa au kuyauza kwa barua za wazi zenye Muhuri Mkuu. Barua moja iliweza kuwa na mashamba katika majimbo mengi. Mnunuzi wa kwanza aliyauza kwa vipande, na kila mnunuzi wa pili akawa na haki inayotegemea barua ambayo hakuwa nayo. Desturi ya mahakama ilikuwa kwamba anayedai kwa hati ya mfalme ailete hati yenyewe. Itakuwaje basi kwa mtu mwenye shamba la ekari 40, ilhali barua imo sandukuni mwa bwana mkubwa wa jimbo jingine ambaye hataki kuitoa?

Bunge lilijibu mara mbili, mwaka 1549 chini ya Edward wa Sita na mwaka 1571 chini ya Elizabeth wa Kwanza. Kwa sheria hizo, nakala ya maneno yaliyomo katika gombo, ikiwa imetolewa chini ya Muhuri Mkuu, ilipewa nguvu ile ile mahakamani kama barua yenyewe. Yafaa kuangalia kilichotukia hapo. Nakala haikutoka tena kwenye hati iliyoshikwa na raia, bali kwenye kumbukumbu ya serikali. Mwili ule wa pili wa hati, usiokuwa na muhuri, ulikuwa umepanda cheo: gombo ndilo lililokuwa asili sasa, na ngozi ya sandukuni ikawa kielelezo kimoja tu kati ya vielelezo. Njia ya Crowland haikuzibwa kwa hati za zamani, lakini kwa hati za tangu 1536 haikuwa na nafasi, maana raia hakuulizwa alete kitu.

Kanuni zilizokuwa zimetawanyika katika hukumu zilikusanywa na Geoffrey Gilbert, jaji aliyefariki mwaka 1726, katika kitabu chake juu ya ushahidi kilichotolewa mwaka 1754. Gilbert alizipanga nakala kwa daraja. Juu kabisa aliweka zile zenye Muhuri Mkuu. Chini yake nakala ambazo mtu aliapa kuwa amezilinganisha na kumbukumbu. Alishikilia pia kwamba nakala ya nakala si ushahidi, kwa kuwa kila hatua huongeza umbali kutoka kwenye ukweli. Kanuni hiyo ingeziangusha inspeximus zote zenye matabaka, lakini haikuziangusha, kwa kuwa kila tabaka lilihesabiwa kuwa tendo la mfalme. Kwa maneno mengine, sheria iliiogopa nakala ya nakala pale mnakili alipokuwa mtu, ikaacha kuiogopa pale mnakili alipokuwa dola. Huenda hapana sehemu nyingine ya sheria ya ushahidi ambayo imani katika serikali imejificha vizuri zaidi.

Karne ya 19 iliugeuza muhuri wa mfalme kuwa muhuri wa afisi. Sheria ya mwaka 1838 iliunda Afisi ya Kumbukumbu za Umma mjini London, ikaipa muhuri wake, na nakala zilizothibitishwa na watumishi wake zikapokelewa mahakamani. Sheria ya 1958 iliendelea na mpango huo kwa sharti lililowekwa kwa uangalifu: nakala iliyothibitishwa na kutiwa muhuri hupokelewa bila ushahidi mwingine, ikiwa asili yenyewe ingalipokelewa katika shauri hilo. Sharti hilo ni fupi, lakini limebeba yote. Nakala haipati haki zaidi ya asili yake. Muhuri huondoa shaka moja tu, ile ya kama maneno yamenakiliwa sawasawa. Shaka nyinginezo, kama vile hati ilitolewa na aliyekuwa na mamlaka, haikughushiwa, au haikufutwa baadaye, hubaki pale pale zilipokuwa.

Kwamba wataalamu wenyewe waweza kuichanganya nakala na asili kulionekana tena Mei 2025. Chuo cha Sheria cha Harvard, Marekani, kilikuwa kimenunua mwaka 1946, kwa dola 27 na senti 50, ngozi iliyoandikishwa katika orodha yake kuwa nakala ya Magna Carta. David Carpenter na Nicholas Vincent, maprofesa wa Kiingereza, walionyesha kwa kulinganisha vipimo, mwandiko na mpangilio wa maneno kwamba ni mojawapo ya hati zilizotolewa chini ya jina la Edward wa Kwanza mwaka 1300. Thamani yake ikapaa. Ngozi ya 1297 ilikuwa imeuzwa kwa dola milioni 21.3 mwaka 2007. Soko hulipa kwa ajili ya ngozi. Mahakama haingeipa ngozi ya Harvard uzito wowote zaidi baada ya ugunduzi huo, maana sheria inayotumika imo katika gombo la 1297.

Kinyume chake kilitokea Dublin. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ireland, Afisi ya Kumbukumbu iliyokuwa katika majengo ya mahakama ya Four Courts iliteketea, na karne saba za magombo zikateketea nayo. Siku hiyo nakala zilizokuwa kwa mawakili, katika nyumba za matajiri na katika maktaba za ng'ambo, ambazo juzi yake zilikuwa daraja la pili, zikawa ndiyo asili pekee iliyobaki.

Kanuni hizi ziliingia Afrika ya Mashariki kwa njia mbili. Tarehe 12 Agosti 1897 ndiyo iliyowekwa kuwa mpaka wa wakati: sheria za Kiingereza zilizokuwa zikitumika kwa jumla siku hiyo zilipokelewa katika himaya ya Uingereza iliyokuja kuwa Kenya. Lakini kwa mambo ya ushahidi kilicholetwa ni sheria ya India ya 1872, iliyoandikwa na James Fitzjames Stephen. Sheria hiyo ilimruhusu hakimu, akiletewa hati yenye umri wa miaka 30 au zaidi kutoka mikononi mwa anayestahili kuitunza, achukulie kuwa mwandiko na sahihi zake ni za kweli. Busara yake ni wazi, kwani baada ya miaka 30 mashahidi wengi wamekwisha kufa. Swali lililobaki ni kama ruhusa hiyo yahusu pia nakala ya hati kama hiyo. Mahakama kadhaa za India zilisema ndiyo. Mwaka 1935, katika shauri la Basant Singh, Baraza la Mfalme mjini London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufani kwa makoloni, lilisema hapana. Umri wa nakala, lilieleza, huweza kuthibitisha sahihi ya aliyeithibitisha nakala. Hauthibitishi sahihi ya aliyeitoa asili. Kenya ilipotunga Sheria yake ya Ushahidi, iliyoanza kutumika tarehe 10 Desemba 1963, siku mbili kabla ya uhuru, umri huo ulipunguzwa hadi miaka 20, kama Uingereza ilivyokuwa imefanya mwaka 1938. Nakala za nyaraka za umma hutolewa na mtumishi anayezitunza, kwa malipo, na chini yake huandikwa kwamba ni nakala ya kweli, pamoja na tarehe, jina na cheo chake.

Hati za kifalme ambazo kanuni hizo zingeweza kuzihusu pwani hazikuwa chache. Tarehe 24 Mei 1887 Sayyid Barghash aliwapa wafanyabiashara wa Uingereza chini ya William Mackinnon haki ya kusimamia pwani kwa jina lake kwa miaka 50, na tarehe 9 Oktoba 1888 Sayyid Khalifa akaitoa upya kwa kampuni yao. Baada ya kampuni hiyo kushindwa, mkataba wa tarehe 14 Desemba 1895 kati ya Arthur Hardinge na Sayyid Hamed bin Thuwain uliuweka ukanda huo wa maili kumi chini ya serikali ya Uingereza kwa kodi ya pauni 11,000 kila mwaka. Pamoja na madaraka hayo ilikwenda haki juu ya ardhi isiyokuwa na mwenyewe. Kwa hiyo, sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilipowataka watu wa pwani wadai na kuthibitisha mashamba yao, la sivyo yahesabiwe kuwa ya serikali, swali la karatasi lilikuwa swali la riziki.

Nao watu hao walikuwa na mapokeo mengine. Katika sheria ya Kiislamu kama ilivyofundishwa na wanazuoni wa zamani, maandishi peke yake hayakuwa hoja; hoja ilikuwa ushahidi wa mdomo wa watu waadilifu, na karatasi ilikuwa ukumbusho wao. Hati iliyoandikwa mbele ya kadhi ilikuwa na majina ya mashahidi, na majina hayo ndiyo yaliyokuwa roho yake. Mbele ya afisa wa Kiingereza roho hiyo ilihamia kwenye muhuri na uandikishaji. Aliyekuwa na mashahidi lakini hana karatasi alijikuta ameandaa silaha ya vita vingine.

Juu ya hayo kuna suala la lugha, ambalo wanasheria hulipitia kwa haraka. Lugha ya maandishi ya dola ya Zanzibar ilikuwa Kiarabu. Wengi wanaozisoma leo hati za 1887 na 1888 huzisoma kwa Kiingereza, kama zilivyochapwa katika mkusanyiko wa mikataba wa Hertslet. Mtunzaji wa kumbukumbu anapogonga muhuri juu ya nakala ya tafsiri, anachothibitisha ni kwamba tafsiri hiyo imenakiliwa bila kosa. Kama mfasiri alilifahamu neno la Sultani au hakulifahamu, muhuri haulisemi, ingawa msomaji hudhani umelisema. Watungaji wa Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 waliliona tatizo hilo wakalitatua kwa mabavu: waliandika kwamba matini ya Kiingereza ndiyo itakayozifunga pande zote mbili. Kwa kifungu hicho Waganda waliotia sahihi walifungwa na maneno ambayo wengi wao hawakuweza kuyasoma.

Karatasi hizo hazijalala. Justin Willis na George Gona walionyesha mwaka 2013, katika jarida la African Affairs, jinsi wanaharakati waliodai kwamba pwani si sehemu ya Kenya walivyoijenga hoja yao juu ya hati, na hasa mkataba wa 1895 na yale yaliyoafikiwa kuhusu pwani mwaka 1963. Madai hayo hayakuzuka katika ombwe. Nyuma yake yapo manung'uniko ya kweli kuhusu ardhi. Lakini kwa kanuni zilizoelezwa hapa, nakala ya mkataba wa 1895, hata ikiwa na muhuri wa mtunzaji wa kumbukumbu, huthibitisha yaliyoandikwa mwaka 1895 na kukoma hapo. Kwamba Sultani, Uingereza, Kenya na Zanzibar waliuondoa mkataba huo Oktoba 1963 kumeandikwa katika hati nyingine, ambayo nayo ina nakala zake.